Barua ya Kwenda Kupimwa

Ushuhuda huu nautoa kwa ajili ya mfanyakazi aliyeshikishwa barua na ofisi yake, inayomtaka aende akapimwe na daktari ambaye hakumchagua yeye. Barua hiyo naijua. Niliipokea nikiwa nimelala kwenye mkeka, nyumbani kwangu Kanombe, mgongo umekataa kitanda na umekataa kiti, na nilipomaliza kuisoma niliona jambo moja tu: wanatafuta mlango wa kunitolea. Leo bado nafanya kazi kwa mwajiri yuleyule. Wenzangu wanaopata barua kama ile huja kuniuliza wafanye nini, na mara nyingi nawajibu haraka haraka, tumesimama mlangoni mwa ghala, magari yanasubiri. Hapa nina nafasi ya kusema yote.

Kanombe, kwa msomaji aliye mbali, ni sekta ya Wilaya ya Kicukiro, upande wa mashariki wa jiji la Kigali. Uwanja wa ndege wa kimataifa uko kwetu, kambi ya jeshi iko kwetu, na Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda, iliyoanza mwaka 1968, nayo iko kwetu. Ni ya kijeshi kwa jina na kwa uongozi, lakini raia tunatibiwa humo, na wagonjwa wa rufaa huletwa kutoka wilaya za mbali. Kwa hiyo mtaani kwetu kumwona mtu anatembelea magongo, au anashuka kwenye pikipiki huku amekumbatia bahasha kubwa ya picha za eksirei, si habari. Tumewazoea madaktari na tunawaamini. Lakini daktari unayemwendea mwenyewe kwa sababu unaumwa, na daktari unayepelekwa kwake na bosi, mioyoni mwetu walikuwa watu wawili tofauti kabisa. Wa kwanza anataka upone. Wa pili, tuliamini, anataka kujua kama unadanganya.

Sisi ni wapakiaji. Kampuni iliyoniajiri inahifadhi na kusafirisha mizigo, ni moja kati ya nyingi, na ghala liko Masoro, ng'ambo ya bonde la Nyandungu. Kahawa ya Rwanda huanza kuvunwa karibu na mwezi wa Machi. Ikishakaushwa na kukobolewa hufungwa katika magunia ya kilo 60, na nchi yetu haina bahari, kwa hiyo gunia lazima liingie kwenye kontena na kwenda kwa barabara hadi Dar es Salaam au Mombasa. Wawili wanalinyanyua, mmoja analipokea begani, anaingia nalo ndani ya kontena, analilaza juu ya mengine, anarudi kuchukua jingine. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba uzito wa kubebwa na mwanamume mzima mmoja uteremshwe usizidi kilo 55. Pendekezo hilo limenizidi umri. Kilo tano za ziada ukiwa umekaa unaziona kidogo. Zipokee begani kutwa nzima, msimu baada ya msimu, ndipo utazijua.

Msimu wa mwaka 2022 ndio ulionipata. Nilikuwa ndani ya kontena, safu ya juu kabisa, mikono nimeinyoosha, kiuno nimekigeuza upande, nikahisi kitu kinaachia. Gunia lilinitoka. Maumivu yakashuka kwenye tako la kushoto, yakapita nyuma ya paja na pembeni mwa shavu la mguu, yakafika hadi kwenye kidole gumba. Wenzangu walinitoa humo wamenishika makwapa. Daktari aliyenitibu alinieleza kwamba kati ya pingili mbili za chini za uti wa mgongo kuna kisahani laini, na changu kimetoka mahali pake kikagandamiza mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Alinipa dawa, akaandika cheti cha mapumziko.

Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inampa mfanyakazi likizo fupi ya ugonjwa isiyozidi siku 15 kwa cheti cha daktari anayetambuliwa. Ukipita hapo unaingia kwenye likizo ndefu, ambayo haizidi miezi 6, na hiyo haitolewi kwa saini ya daktari mmoja. Inataka kamati ya madaktari watatu. Mshahara unalipwa miezi 3 ya mwanzo, inayobaki hailipwi. Miezi 6 ikiisha bado hujaweza kurudi, mwajiri anaruhusiwa kuvunja mkataba. Wakati ule sikulijua hata moja kati ya haya, na sidhani kama ghala zima alikuwepo mtu wa kulijua.

Kabla likizo fupi haijaisha, ofisi ilinipeleka kwa daktari iliyekuwa ikimtumia yenyewe. Simtaji, na kampuni pia siitaji. Aliangalia picha yangu dirishani, akaniuliza maradhi niliyowahi kuugua tangu utotoni, nami nikamjibu kama mtu anavyomjibu daktari, bila kuficha kitu. Nikamwambia kwamba miaka mingi nyuma niliugua kifua kikuu, nikameza dawa miezi 6 kamili, nikapimwa na kuambiwa nimepona. Mgongo wangu hakuugusa. Sikuinuliwa mguu, sikuambiwa niiname. Nilitoka mle ndani bila kujua ameandika nini, na kwa ajili ya nani.

Ripoti nilikuja kuiona baadaye sana. Mgongo ulipewa mistari michache. Kifua kikuu kilipewa aya nzima.

Lakini kabla sijaiona ripoti niliona kikombe. Ghalani kwetu saa nne asubuhi huwa kuna uji, unaletwa kwenye ndoo yenye mfuniko, na vikombe vya plastiki vinakaa kwenye karai juu ya meza. Siku hiyo nilikuwa nimejikongoja hadi kazini kufuata karatasi za bima. Nikanyoosha mkono kwenye karai kama ilivyo desturi. Kijana mmoja niliyemfundisha kazi mwenyewe akaniwahi, akanipa kikombe cha bluu kilichokuwa pembeni, peke yake juu ya kipande cha gazeti. Chini yake kilikuwa kimechorwa alama kwa kalamu ya wino mzito. Hakusema neno. Aliangalia chini, na wengine wote wakaangalia chini. Mtu aliyemaliza dawa na kupona hamwambukizi mwenzake kwa kikombe wala kwa pumzi, hilo hata watoto wa shule wanafundishwa, lakini hofu haisubiri kufundishwa. Niliushika uji wangu ukapoa mkononi. Mgongo ulikuwa unaniuma, ila siku ile sikuuona kabisa.

Barua ya pili ilipofika, ya kunitaka nipimwe tena na madaktari wengine, nilimwambia mke wangu siendi, liwalo na liwe. Akaniambia, "Baba watoto, usipokwenda ndiyo umewapa sababu waliyokuwa wanaitafuta. Nenda kwanza kwa mkaguzi wa kazi ukamwulize." Nilikwenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya nikiwa nimekaa upande upande kwenye kiti cha basi, roho mkononi. Nilitarajia anitetee nisiende. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mzee, kwenda utakwenda. Huwezi kuomba likizo ndefu na kukataa kupimwa, kwa sababu sheria yenyewe ndiyo inayotaka madaktari watatu. Wala bosi wako hana kosa kutaka kujua kama utarudi na lini. Lakini kuna mambo una haki ya kuyajua kabla ya kuvua shati." Akayataja moja moja, nami nikayaandika nyuma ya bahasha.

Maneno yale ndiyo yaliyonigeuza. Mpaka siku ile nilikuwa najua njia mbili tu: kutii kimya, au kukataa. Sikujua kwamba kuna kwenda huku umeuliza maswali.

Tuliandika barua kwa ofisi, mimi na mjumbe wa wafanyakazi, kwa lugha ya heshima. Tuliomba swali wanalotaka madaktari walijibu liwekwe kwenye maandishi na mimi nipewe nakala. Tuliomba kati ya hao watatu asiwepo aliyenitibu, wala yule anayelipwa na kampuni kila mwezi. Tuliomba gharama ziwe za aliyeomba kipimo. Na la mwisho, ambalo kwangu lilipita yote, tuliomba ripoti itakayokwenda ofisini iseme kazi ninayoweza na nisiyoweza, isiseme maradhi. Ningependa kuandika kwamba walipinga tukashindana. Hawakupinga. Mama anayesimamia mambo ya wafanyakazi aliisoma mbele yetu, akasema hakuna aliyewahi kumwomba hivyo, akapeleka kwa mkurugenzi, ikarudi imekubaliwa yote. Baadaye aliniambia kwamba hata yeye zile aya za maradhi zilikuwa zinampa shida, hajui azifungie wapi.

Miongoni mwa madaktari wale watatu alikuwepo mmoja mtu mzima, asili yake Bukavu. Aliposikia Kiswahili changu, nilichotoka nacho Karagwe tulikokulia kabla familia yetu haijarudi Rwanda baada ya 1994, aliacha Kinyarwanda akaendelea nami kwa Kiswahili. Kabla hajanigusa alivuta kiti akakaa mbele yangu, macho kwa macho. "Papa, tuelewane kwanza," alisema. "Leo mimi si daktari wako. Sitakupa dawa. Kampuni yako imetuuliza maswali mawili: unaweza kurudi kubeba magunia? Na kama huwezi, unaweza kazi gani, na kuanzia lini? Nitakachoona kinachojibu maswali hayo nitakiandika. Kingine chochote utakachoniambia kinabaki humu ndani. Jambo usilotaka kulisema, usiliseme. Ila usinidanganye." Nikamwuliza, "Na kifua kikuu, dokta?" Akauliza kama nilimaliza dawa. Nilimaliza. "Basi hakihusiki na mgongo. Hakiandikwi."

Nitaeleza alivyonipima, kwa sababu wengi tunaogopa tusichokijua. Alinitaka nitembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Kwa visigino mguu wa kushoto ulikuwa unaanguka kidogo, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeligundua. Alishika kidole gumba cha mguu akaniambia nikivute juu huku yeye anakizuia. Cha kulia kilimshinda nguvu, cha kushoto kililegea mapema. Aligonga kwa nyundo ndogo chini ya goti na nyuma ya kisigino, miguu yote miwili, akilinganisha. Akapitisha pamba juu ya ngozi ya mguu na kuniuliza wapi naisikia na wapi siisikii. Aliniuliza kama nazuia mkojo vizuri, na kama kuna ganzi katikati ya mapaja, akanieleza kwamba mwenye dalili hizo hapaswi kungoja kamati yoyote, anatakiwa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Kisha nikiwa nimelala chali, akaninyanyua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haukwenda juu sana kabla sijapiga kelele.

Baada ya muda, tukizungumza mambo mengine, nimekaa ukingoni mwa kitanda miguu inaning'inia, aliniomba ninyooshe goti ili atazame unyayo. Nikanyoosha, na papo hapo mwili ukajitupa nyuma kwa maumivu. Akatikisa kichwa, akaandika. Nilipomwuliza ameandika nini alinieleza bila kuficha: kile ni kipimo kilekile cha kwanza kwa njia nyingine. Mtu anayejifanya huumia akiwa amelala na kusahau akiwa amekaa. Mwili wangu ulikuwa umejibu sawa mara zote mbili.

Niliganda pale. Kwa wiki zote zile nilikuwa nikiogopa kipimo cha kunasa waongo, na kumbe kipimo hicho ndicho kilichonipa shahidi. Neno langu peke yake lilikuwa ni neno la mpakiaji mbele ya ofisi. Cheti cha daktari wangu kilikuwa ni cheti cha mtu niliyemlipa. Vyeti vya kununua vipo, tusidanganyane, na kila kinachonunuliwa kinamchafua mgonjwa wa kweli. Sasa walikuwepo watu watatu wasionijua, wasiodaiwa kitu na mimi wala na bosi wangu, walioona kwa macho yao kwamba mshipa wangu umebanwa.

Kuhusu picha yangu, ile ambayo daktari wa kwanza aliiangalia dirishani na kuridhika, huyu mzee alinifundisha jambo ambalo nimelirudia kwa wengi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliokusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote. Kwa wenye umri wa miaka 20, kiasi cha 37 kati ya 100 walikuwa na visahani vilivyoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80 walikuwa 96 kati ya 100. Watu hao hawaumwi. Kwa hiyo picha mbaya peke yake haithibitishi kwamba mtu hawezi kazi, na haithibitishi pia kwamba ugonjwa wake ni wa zamani na hauhusiani na gunia. Lazima daktari amguse mtu. Anayekupima kwa kutazama picha tu hajakupima, nami nasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Majibu yao hayakuwa niliyoyataka. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba sifai kitu kwa miezi yote 6. Waliandika kwamba kubeba magunia nisirudi, na huenda nisirudi tena kabisa. Lakini baada ya wiki chache ninaweza kazi ya kukaa na kusimama kwa kupokezana, nisiinue kitu cha zaidi ya kilo 10, nisifanye kazi ya kuinama na kujipinda, na nipimwe tena baada ya muda waliouweka. Nilikasirika. Nilimwambia yule mzee kwamba amewasikiliza wao. Hakunikemea. Alisema mkeka umeshanifanyia kazi yake, kwamba misuli ya mgongo inayolala muda mrefu inadhoofika, na kwamba mguu wangu utapata nguvu nikitembea kuliko nikilala. Akaongeza kwamba daktari wa namna yake akianza kuandika majibu ya kumpendeza mfanyakazi, kesho yake hataaminiwa akiandika ya kumkinga. Nilirudi nyumbani na hasira zangu, lakini asubuhi yake niliamka nikatembea polepole hadi barabara kuu, nikarudi. Namshukuru Mungu kwa asubuhi ile.

Karatasi iliyokwenda ofisini ilikuwa ukurasa mmoja. Nakala yake ninayo. Neno la ugonjwa halimo.

Nilipopata nafuu ndipo nilipoanza kusoma, na nikaona kwamba tuliyoyaomba hayakuwa mageni duniani. Mkataba Na. 161 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1985, unasema uangalizi wa afya ya mfanyakazi kuhusiana na kazi usimpunguzie mshahara, uwe bure, na kadiri inavyowezekana ufanyike saa za kazi. Pendekezo Na. 171 lililotolewa pamoja nao linasema wazi kwamba hitimisho analopelekewa mwajiri lisiwe na habari za kitabibu. Liseme kama mtu anafaa kwa kazi aliyopangiwa, au kazi za aina gani na mazingira gani hayamfai, kwa muda au moja kwa moja. Mwaka 1985! Kikombe cha bluu kilikuwa kimekatazwa kabla mimi sijajifunza kusoma. Hapa Rwanda, sheria ya Oktoba 2021 ya kulinda taarifa binafsi inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti.

Na waliopita njia hii kabla yangu walipigana vita vikali kuliko changu. Afrika Kusini, kijana mmoja aliomba kazi ya kuhudumia abiria katika shirika la ndege la taifa. Daktari alimpima akamwona mzima, anafaa. Damu yake ilipopimwa ikaonekana ana VVU, cheti kikabadilishwa kikasema hafai. Hakuna kilichobadilika mwilini mwake kati ya karatasi ya kwanza na ya pili. Tarehe 28 Septemba 2000 Mahakama ya Katiba iliamuru shirika limpe kazi. Nairobi, mwaka 2004, Mahakama Kuu ilikataa kulitupa shauri la mwanamke aliyepoteza kazi baada ya damu yake kupimwa VVU bila ridhaa yake na majibu kufikishwa kwa mwajiri; shauri lile lilikwisha mwaka 2008 kwa maelewano, akalipwa fidia. Nilipoyasoma hayo nililala nikimfikiria yule mama wa Nairobi. Kikombe chake alikinywea wapi miaka yote ile?

Sasa mimi ni mhesabu mizigo. Nasimama mlangoni mwa kontena na daftari, nahesabu magunia yanayoingia, nachoka kusimama nakaa, nachoka kukaa nasimama, kama madaktari walivyoandika. Mshahara wangu ni mdogo kidogo kuliko wa kubeba, kwa sababu posho ya msimu sipati. Mguu wa kushoto hadi leo hauna nguvu za wa kulia. Magunia siku hizi yanafika mlangoni mwa kontena juu ya chaga za mbao kwa kigari cha kusukuma, na safu za juu hupakiwa na watu wawili. Hilo ofisi ililifanya baada ya kuona hesabu ya wapakiaji wanaotakiwa kupimwa inaongezeka. Wenzangu walinichagua kuwa mjumbe wao. Fomu ya kupeleka mtu kwa daktari tuliiandika upya pamoja na yule mama wa ofisini: juu inaeleza kazi anayofanya mtu, anainua nini, mara ngapi, anasimama saa ngapi, kwa sababu daktari asiyeijua kazi hawezi kusema kama mtu anaiweza, chini ina nafasi ya jibu tu. Yule kijana wa kikombe alikuja nyumbani kwangu na soda mbili, tukanywa. Hatukulizungumza.

Ndugu yangu uliyeshikishwa barua, nenda. Usipokwenda utamwaga unga wako mwenyewe. Lakini kabla ya kwenda omba kwa maandishi ujue ni swali gani daktari ameulizwa, nani anamlipa, na ripoti itafika mikononi mwa nani. Ukifika mwulize mwenyewe, "Leo wewe ni daktari wangu, au ni daktari wa aliyeniomba nije?" Daktari mwema hatachukia. Ugonjwa usiohusika na swali una haki ya kunyamaza nao. Maumivu uliyonayo yaseme yalivyo, usiyaongeze, maana kuyaongeza ndiko kutakakokupotezea shahidi wako. Omba nakala yako na uitunze.

Nanyi waajiri, haki yenu ya kujua kama mtu ataiweza kazi siipingi, nimeiona faida yake kwenye mgongo wangu mwenyewe. Ulizeni kuhusu kazi, mpokee jibu kuhusu kazi. Mkipewa zaidi ya hapo, rudisheni.

Ukikwama, mkaguzi wa kazi yupo katika kila wilaya ya Rwanda, zote 30. Nenda ukamwone kabla ya siku ya kipimo, siyo baada yake.